Baba Filimbi, Refa Aliyepoteza Macho Asiuache Uwanja

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke usingizini, redio ikiendelea kutangaza mpira pembeni ya kitanda.

Siku za kazi ulikuwa fundi umeme, wikiendi refa, na mtaa mzima ulikuita Baba Filimbi. Uwanjani ulikuwa mkali kama pilipili. Nyumbani hukugusa chakula kabla Mama hajaketi.

Kisha rangi zikaanza kukukimbia. Siku moja ulimwonyesha mchezaji kadi nyekundu ukidhani ni ya njano. Ulisimamisha mchezo, ukamwomba radhi mbele ya watu wote, ukamkabidhi msaidizi wako filimbi.

Hospitalini daktari alisema una uvimbe kwenye mishipa ya fahamu ya macho yote mawili. "Si saratani," alituambia, "lakini unakua polepole na kuiminya mishipa. Tukiukata, huenda tukaondoa hata uoni uliobaki. Mionzi inaweza kuuchelewesha."

Sisi tulilia. Wewe ulisema, "Basi tuucheleweshe. Mjukuu yuko njiani, nataka nimwone sura."

Na ulimwona. Jicho la kushoto lilivumilia mpaka akaanza kutembea. Ulimsogelea hadi pua zenu zikagusana, ukatangaza, "Masikio ya bibi yake haya. Pole, mjukuu wangu." Mama hajakusamehe hilo.

Giza lilipotimia, ulirudi uwanjani na fimbo yako kufundisha marefa wapya. Mmoja akauliza, "Mwalimu, utatufundishaje nawe huoni?"

"Miaka yote mashabiki waliniita kipofu," ukamjibu. "Sasa angalau wanasema kweli. Haya, puliza nikusikie. Hapana, hiyo ni ya mtu mwenye hofu. Rudia."

Hazikukosekana siku ngumu. Asubuhi moja ulivunja kikombe jikoni. Baadaye ukamwambia Mama, "Naogopa nitaisahau sura yako." Mama aliuchukua mkono wako akauweka shavuni mwake. Kuanzia hapo, hamkuianza siku bila hivyo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anaamka mapema kana kwamba mkono wako unamngoja, wanao watatu, mkweo, dada yako aliyekuwa mtani wako mkuu, mjukuu wako, ambaye sasa anajua kusoma na anatusomea vitabu, pamoja na marefa wote uliowalea.

Tulikupenda ukiona, tukakupenda usipoona. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.