Foleni Iliyorudi Tupu

Liuli, Jumanne, mchana. Mvua imekatika saa nne, jua limetoka, na upepo wa ziwani unagonga bati la jikoni bila kupumzika.

Kuna jambo nimelificha tangu nikiwa kazini Mbinga: ile seva niliyosifiwa kwa kuirejesha, sikuirejesha yote. Hapa kwenye blogu yangu nimewaandikia mafundi vijana mara nyingi jinsi ya kuhifadhi nakala na jinsi ya kuzijaribu. Mmenishukuru. Sikuwahi kuwaambia nilijifunzia wapi.

Leo siwezi kutulia. Nimetoka kitandani nikaenda kwenye kiti, nikatoka kwenye kiti nikaenda mlangoni, miguu ikavimba, nikarudi. Wiki iliyopita daktari alizungumza na binti yangu nje, kwa sauti ya chini. Tangu siku hiyo binti ananipikia mbasa, samaki mtamu wa ziwa letu, kila mchana, kama vile kila siku ni sikukuu.

Nimeelewa.

Kwa wasio mafundi: ofisi zetu hazikutumiana taarifa moja kwa moja. Katikati kulikuwa na programu kwenye seva. Zahanati ikituma ombi, programu ililipokea, ikaliweka kwenye foleni na kulishika mpaka mfumo wa ofisi ya utumishi uje kulichukua. Mtumaji aliona neno "Limepokelewa" akaenda zake. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hata seva ikifa, kilichoshikwa hakipotei.

Kila Ijumaa nilihifadhi nakala kwenye diski ya nje na kuifungia kabatini. Nilihifadhi mipangilio: majina ya foleni, nani anaruhusiwa kuweka, nani anaruhusiwa kuchukua. Maombi yenyewe, yale yaliyokuwa yanasubiri, yalikaa kwenye folda nyingine ambayo sikuigusa. Kuyanakili vizuri kulitaka kusimamisha huduma kwanza, na wakubwa hawakupenda kusikia huduma imesimama. Nikaacha. Wala sikuwahi kujaribu kurejesha nakala hata moja nione inarudi na nini.

Diski ya seva ilikufa katika wiki ambayo umeme ulikatika mara kwa mara. Nilifanya kazi siku moja na nusu. Kila foleni ikarudi na jina lake, taa zote zikawa kijani.

Na zote zilikuwa tupu.

Wakubwa walipoona sifuri walidhani maombi yote yameshashughulikiwa. Sikuwasahihisha. Kwenye ripoti niliandika kwamba hakuna ujumbe uliopotea, nikapigiwa makofi kikaoni. Nilistaafu na sifa hiyo, nikarudi kwetu huku ziwani.

Anayekuja kunipima presha ni jirani yangu Sista Zuhura, muuguzi. Ni mtu wa Tanga, alipangiwa zahanati ya mwambao huu akiwa bado kijana, akaja kuolewa hapa hapa. Miezi miwili iliyopita, akinifunga mkanda wa presha mkononi, alinisimulia habari za mama yake. Miaka ile mama alikuwa anaugua Tanga, hana mtoto mwingine. Zuhura akatuma ombi la uhamisho kwenye kompyuta ya zahanati. Miezi mitatu kimya. Akapanda gari mpaka Mbinga kuuliza, wakamwambia mfumo hauna tatizo, ripoti ipo, ombi lake halionekani, kwa hiyo hakutuma.

"Waliniambia sikutuma, mzee. Mimi niliyebonyeza nikiwa na swaumu!"

Alituma upya. Mama alifariki kabla ya jibu.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na nimeahirisha kumwambia ukweli kila alipokuja. Leo asubuhi nilijiapiza kwamba nitamwambia. Aliingia na koti la mvua linalochuruzika.

"Shikamoo mzee. Dawa umemeza au umeziangalia tu?"

"Marahaba. Nimemeza."

"Hii presha inasema unanidanganya."

Nikamwomba akae. Nikamweleza kwamba msimamizi wa seva ile nilikuwa mimi, kwamba diski ilikufa, nakala yangu haikuwa na maombi ndani, na la kwake lilikuwa mojawapo. Alikunja mkanda wa presha, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kwa hiyo nilituma."

"Ulituma, Sista."

"Basi." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akacheka kidogo. "Miaka yote hii nakishuku kidole changu! Sasa mashine imekufa, wewe ungefanyaje, baba? Nimekusamehe. Ila dawa umeze, usiniangushe."

Hakuwahi kuniita baba kabla ya leo. Siku zote ni mzee.

Nilidhani akitoka nitalala. Wapi. Nimehesabu mabati, nimezima simu, nimeiwasha, nimesoma makala zangu za zamani humu na kuziona ni za mtu nadhifu kuliko mimi. Zuhura amesamehe kifo cha diski, na mimi nikamwacha aondoke akiamini ni hicho tu. Nilikuwa na mdomo, alikuwa amekaa mbele yangu, nikaishia katikati.

Wiki mbili baada ya kile kikao cha makofi niliichukua diski iliyokufa, nikaiunganisha kwenye kompyuta nyingine, kujaribu tu. Ikasomeka. Maombi yote yalikuwemo, thelathini na moja. Kuyarudisha kwenye foleni ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini kila ombi lilibeba tarehe yake ya kutumwa, na ofisi ya utumishi ingeuliza yametoka wapi maombi ambayo ripoti yangu ilisema hayakupotea.

Keshokutwa Zuhura akija nitampa simu asome hapa mwenyewe, kwa sababu nimeshajua mdomo wangu unaishia wapi. Nikiwa siwezi tena, binti yangu atamsomea; nimemwachia maagizo. Msamaha wake anaweza kuuchukua tena, ni mali yake.

Sista Zuhura, ombi lako halikufa na diski. Nililifungua, nikalisoma mpaka pale ulipoandika kwamba mama hawezi tena kujigeuza kitandani, kisha nikalifuta kwa mkono wangu.