Tupu Si Sifuri

Rafiki yangu,

Jina lako silitaji humu. Usinune. Najua ulivyolipenda, ulivyokuwa ukiliandika kwa herufi kubwa kwenye kila daftari, hata mgongoni mwa laptopu, kama vile kuna mwizi angelitamani. Sikiliza mpaka mwisho ndipo ugombe, kama huko uliko watu wanagomba.

Nakuandikia nikiwa Karatu, kwa Mama Tumaini, meza ile ile ya dirishani tulipokuwa tunakunywa chai ya maziwa tukisubiri gari la Loliondo. Ukungu umeshuka kutoka juu Ngorongoro na mchana umekuwa kama jioni. Mama Tumaini hajabadilika. Chapati zake bado nene, na bado anadai watu wa Singida ndio waliotufundisha kula. Lakini siku ya kwanza nilipoingia humu peke yangu baada ya msiba, aliniletea vikombe viwili. Akaviangalia, akakiangalia kiti chako, akarudi jikoni. Nikavinywa vyote viwili, maana sikujua kile cha pili nikifanye nini.

Nimekukasirikia, na hilo ulijue kabla sijaendelea. Nilikwambia usivuke! Nilikwambia kwenye simu kwamba mvua imenyesha milimani, korongo likijaa halina undugu na mtu, lala huko huko uvuke kesho. Ukacheka. Ukasema limebaki boma moja tu, na tena Mmasai hafundishwi mvua na Mmbulu. Haya. Pikipiki waliiona imekwama kwenye mawe. Wewe walikupata kesho yake, chini kabisa, na begi la madodoso bado liko mgongoni. Boma moja! Tungelikosa, nani angekufa? Hakuna. Umelifuata, umekufa wewe. Nikifika hapo huwa nashindwa hata kulia vizuri, nabaki kukutukana tu kimoyomoyo.

Baba yangu aliniuliza juzi, tumekaa nyumbani Kansay tunapukuchua mbaazi, hivi wewe na yule mwenzako marehemu mlikuwa mnasoma nini hasa chuoni. Nikamweleza. Nikamwambia tulikuwa tunasoma takwimu, shahada ya pili, na utafiti wetu ulikuwa wa ndama. Tunamfuata ndama tangu anazaliwa, tunaangalia ukame ukija yupi atafika mvua nyingine na yupi hatafika, na kwa nini, kisha tunatengeneza modeli, yaani hesabu itakayomwambia mfugaji mapema aanze kumwokoa yupi. Baba akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo mmesomea uganga wa ndama." Nilicheka, halafu nikageuka upande wako nikuone unavyocheka.

Nilimweleza na lile jambo ambalo wewe ulilielewa kabla yangu. Kwamba ndama tuliyemwacha mzima siku ya mwisho ya utafiti, hatuandiki kwamba alikufa, wala hatuandiki kwamba ataishi milele. Tunaandika kwamba hadi hapa alikuwa hai, basi. Modeli inaukubali ukweli huo nusu na inaufanyia kazi. Miezi ya mwanzo nilijaribu kukufanyia hivyo na wewe. Nilikuona mara ya mwisho pale Wasso, umeegemea pikipiki, unakula muwa, unaniambia niwahi gari. Hadi pale ulikuwa hai. Niliishikilia hiyo kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe kwenye maji. Lakini nilikuwepo ulipozikwa, rafiki yangu. Udongo niliuona.

Unakumbuka boma la kwanza? Mimi na dodoso langu safi, nikasimama mbele ya mzee yule mwenye masikio marefu, nikamwuliza ana ng'ombe wangapi. Akatazama vilima. Nikarudia kwa sauti, nikidhani hasikii. Ukanivuta shuka pembeni, ukaniambia, "We Mmbulu, unataka kumwulia mifugo mzee wa watu? Ng'ombe hahesabiwi." Ukakaa chini wewe, ukaanza kuuliza habari: yule mweusi mwenye baka jeupe ubavuni alizaa? Mtoto wake yuko wapi? Na yule mwekundu wa pembe moja? Mzee akafunguka, jua likatuzamia pale pale. Njiani nikakwambia ninyi mnaficha idadi kwa sababu wengine mliwaiba kwetu sisi Wambulu. Ukaniambia huwezi kuiba kilicho chako, Mungu aliwapa ninyi ng'ombe wote wa dunia, sisi wengine tunawachungia tu. Mjinga wewe. Hadi leo ng'ombe wa Baba wakitoka zizini nasema kimoyomoyo, haya nendeni, wa watu hao.

Lakini palikuwa na ndama ambao mzee hakuwasema. Unauliza mtoto wa yule wa kijivu, ananyamaza, unapita. Tuliporudi Karatu kuingiza data, kompyuta ikawa inagomea zile nafasi wazi, nikazijaza sifuri ili tuendelee. Modeli ikatuambia mzee yule, mwenye mifugo iliyofunika kilima, ni fukara kuliko watu wote wa kijiji chenu cha Soitsambu! Mama Tumaini alidhani tumepagawa kwa jinsi tulivyocheka. Halafu ukaacha kucheka. Ukafuta sifuri zangu moja moja, mpaka chai yako ikapoa. Ukasema, "Mtu akinyamaza hajasema hana. Acha wazi. Tupu si sifuri." Kuanzia siku hiyo ukawa unanisumbua nayo. Nikikosa kujibu ujumbe wako, tupu si sifuri. Mfuko wako ukiwa hauna nauli, hapo ukawa unasema hii sasa ni sifuri.

Basi nikupe habari. Modeli imekamilika. Inafanya kazi, na kilichoifanya ifanye kazi ni ule uulizaji wako wa rangi na pembe, na zile nafasi ulizokataa nizijaze. Dokta, msimamizi wetu, aliisoma sura ya nafasi hizo wazi akavua miwani, akasema kazi ya watu wawili haiwezi kutoka na jina moja, lazima jina lako likae mbele, ukurasa wa tabaruku, majina yote matatu. Nilikuwa nimeshaliandika kabla hajasema. Tasnifu yote ni ya Kiingereza, lakini mstari ule niliuandika Kiswahili: Kazi hii ni ya watu wawili, mimi na wewe, kwa jina lako kamili. Niliona ndicho kitu pekee kilichobaki ninachoweza kukufanyia. Nikasema nitaupeleka kwenu kwanza, mama yako ausikie kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nikapanda gari. Tukapita langoni, tukazunguka ukingo wa kreta na ukungu wake, tukashuka kwenye vumbi, nina sukari na majani ya chai kwenye begi na ule ukurasa kwenye bahasha ili usikunjike. Mama yako, Yeyo kama mnavyomwita, nilimkuta nje ya nyumba yake. Amenyoa. Shanga zote amevua, shingo imekuwa nyembamba kama si yake. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo hivyo muda. Yule mtoto wa kaka yako mliyeitwa jina moja, anaitwa jina jingine siku hizi. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini sikushtuka. Nilikuwa na haraka ya kusoma ukurasa wangu.

Nikautoa. Nikaanza: kazi hii ni ya watu wawili. Kaka yako alikuwa anatafsiri, na kabla sijafika kwenye jina akaweka kiganja juu ya karatasi. Akasema hapa jina la marehemu halitamkwi. Nikadhani ni yeye tu na ukali wake. Nikamwambia amwulize mama mwenyewe. Akamwuliza, na Yeyo akatikisa kichwa, hapana, wala lisiandikwe, kwa sababu kilichoandikwa iko siku kitasomwa.

Nilikasirika. Unanijua. Kwetu Kansay marehemu anasomwa jina kanisani kila mwaka ukirudi, na asiposomwa watu wanaulizana nje, hivi hawa wamemtupa ndugu yao? Nikamwambia kaka yako, mwambie mama kwamba lisipoandikwa, chuo kizima kitajua kazi ni yangu peke yangu. Itakuwa kama hakuwahi kuwepo! Nililia mbele ya watu, bila aibu. Yeyo alinisubiri nimalize. Kisha akasema maneno machache tu, na kaka yako akayatafsiri huku anatazama chini.

"Ukiliita, nitageuka nimtazame. Kila mara nitageuka. Na hayupo."

Sikumwelewa. Nakwambia kweli, niliondoka Soitsambu na donge, bahasha kwapani, nimeshaamua kwamba jina litabaki. Nilijisemea mama hajui kusoma, na chuo kiko mbali. Nikafika Karatu nikashuka stendi, nimechoka, vumbi mpaka kwenye meno. Nikasikia unaitwa.

Utingo mmoja alikuwa juu ya basi anafunga mizigo, anamwita mwenzake. Jina lako, kwa sauti kubwa, vile vile ambavyo ungeitwa. Nikageuka mwili mzima. Rafiki yangu, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nilikuwa nimeshapata neno la kukuzodoa. Kijana mfupi wa kofia akaitika, "Naja!" Kisha akapita mbele yangu akaenda zake.

Nilikaa juu ya gunia la mtu la vitunguu pale pale stendi. Mwenye gunia akaja kunigombeza, akaniona uso, akaniacha. Nilikaa nikimfikiria mama yako. Mimi nimegeuka mara moja na imenivunja miguu. Yeye nilitaka ageuzwe kila atakapokuja mwanafunzi na kitabu chetu mkononi, kila mgeni mwenye nia njema.

Jina nililifuta kesho yake. Dokta akanijia juu, akasema namwibia mwenzangu, tena marehemu. Neno hilo lilinichoma kuliko alivyokusudia. Nikamweleza habari za Yeyo na za stendi. Akashauri basi niufute mstari wote, nikushukuru kwa jumla, "wenzangu na wengineo." Wengineo! Wewe? Nikakataa. Mstari nikauacha na nafasi yako nikaiacha, ndefu kiasi cha majina matatu: Kazi hii ni ya watu wawili, mimi na ________.

Nimetetea tasnifu wiki iliyopita. Nilivaa lile gauni ulilosema linanifanya nionekane karani wa benki. Maswali ya modeli nilijibu yote, hata la kile kipengele tulichogombania. Mwishoni mtahini mmoja, mtu mpole tu, akarudi kwenye kurasa za mwanzo. Akasema hapa umesahau kujaza.

Nikasema sijasahau. Akasema basi jaza au ondoa, tasnifu haiwezi kwenda kujalidiwa na pengo mbele. Nikamfungulia sura ile ya data zisizokuwepo, nikamwonyesha mzee wetu alivyogeuka fukara tulipojaza nafasi zake, na alivyorudi kuwa tajiri tulipoziacha wazi. Nikamwambia aliyenifundisha hilo ndiye anayekaa kwenye nafasi ile, na kwao jina lake halitamkwi tena. Nikiweka jina namwumiza mama yake. Nikiondoa mstari namwandikia sifuri. Nikamwambia tupu si sifuri. Nikasimama mbele ya wasomi wote wale nikilia na kamasi. Dokta alikuwa anatazama dirishani. Mtahini alifunga kitabu taratibu, akaandika kitu, akasema, "Ibaki."

Imebaki.

Nakala moja nitampelekea Yeyo. Nitaushika mkono wake, nitauweka pale kwenye mstari, na sitasema kitu. Halafu yale maboma yote tuliyouliza maswali, nitarudi kuwaeleza tulichokiona, kama ulivyowaahidi wakati mimi nilikuwa nakukanyaga mguu usiahidi. Na lile la ng'ambo ya korongo nitalifikia. Nitasubiri maji yaishe kabisa, si kama wewe, nivuke kwa miguu mchangani, nikae chini niulize mweusi wa baka ana mtoto, na mwekundu je. Wakinyamaza, nitanyamaza nao.

Chai imefika. Safari hii nimeagiza mwenyewe vikombe viwili, na chako sitakinywa. Lala, ndugu yangu. Mtu akiita jina lako hapo nje bado nitageuka.

Wako,
Mmbulu