Makoti ya Manukato na Chaki Isiyokosea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba, watu ndio huja kuniomba mimi, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa hajui kuvaa, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usiicheke, isome hivyo hivyo ilivyolala.

Mimi ni fundi cherehani wa suti za kiume. Mtaani kwetu hakuna mwingine. Wapo wanaojiita mafundi, wanapunguza suruali na kubadilisha zipu, hao ni wauguzi wa nguo. Mimi nimemshonea hakimu, nimemshonea meneja wa benki, nimemshonea na marehemu mmoja ambaye watu walisema hajawahi kupendeza vile akiwa hai, na mlangoni kwangu nimeandika CHAKI YANGU HAIKOSEI, na haijakosea. Mteja wangu nikimpima anasimama wima, mikono imelala ubavuni, hajikuni, hapumui mpaka niondoe futi.

Sasa sikia. Zamani, binti yangu wa mwisho akiwa bado anatambaa, walikuja dukani vijana watano wembamba kama njiti za kiberiti, wakasema wana kundi la muziki linaitwa Manukato. Nikawauliza mnapiga chombo gani, wakasema hawapigi chombo, wao wanaimba na kucheza. Nikawauliza anayepiga ni nani, wakasema ni mashine. Nikajua hapa hakuna wanamuziki, hapa pana watoto waliokimbia kazi. Lakini mimi sibagui mwili, nikawapima, nikawashonea makoti meupe yenye kola nyeusi, makoti ambayo ungeyatundika peke yake jukwaani yangeimba vizuri kuliko wao. Wakayavaa, wakapanda jukwaani, wakawa wanacheza mikono imegandia mbavuni, shingo zinakwenda mbele na kurudi, miguu inaparua sakafu, na watu badala ya kuwazomea wakashangilia, mtindo ule wakauita Kuku Kafungwa, nchi nzima ikaucheza, mpaka maharusi, mpaka walimu wenyewe. Walioniuliza mbona makoti yanabana niliwapa jibu moja miaka yote: koti halibani, mwili ndio umezidi, vijana wale kati ya kupimwa na kuvaa walikwenda kula.

Ningewasahau kabisa. Lakini sasa wamezeeka, sauti zimekauka, ndio wametoa albamu wanayoiita Zilizopendwa Zote za Manukato. Mshauri, wewe ni mtu mzima, niambie, mtu akikusanya viporo vya miaka yote akavipasha moto kwenye sufuria moja, hiyo ni karamu? Wimbo mpya hamna hata mmoja. Katika huu mwanamke kaondoka, katika ule karudi, katika unaofuata kaondoka tena, na mimi namuunga mkono. Wa nne tu ndio una nafuu, yule mwembamba anapandisha sauti pale katikati na wenzake wanamjibu kwa chini, nimeurudia watu wakiwa hawapo nyumbani, ili kuhakikisha, lakini nyingine zote takataka. Na picha ya kwenye kasha wameikata shingoni. Vichwa vitano vinang'aa mafuta, koti halionekani hata kola. Ni kama kupiga picha ya nyumba ukaonyesha bati peke yake.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaba ni maneno, maana katikati ya nyimbo wameweka na mazungumzo yao, kana kwamba kuimba hakukututosha.

Binti yangu, huyo huyo aliyekuwa anatambaa, ndiye aliyeileta albamu nyumbani, kwa kuwa anaolewa Jumamosi hii na fundi bomba mmoja, kijana mzuri, mabega sawa, na anataka kuingia ukumbini kwa muziki wa Manukato. Tulikuwa sebuleni sote, mimi natia vifungo. Baada ya wimbo wa tano akaanza kusema kiongozi wao, yule wanayemwita Asali, ambaye siku hizi tumbo lake ni la kushonewa kwa mita za pazia. Akasema, "Siku ya onyesho letu la kwanza, kumbe fundi katubana makwapa, mkono hauinuki hata kujikuna pua. Na muziki umeshaanza. Nikawaambia wenzangu, jamani, chezeni shingo na miguu." Wakaangua kicheko humo ndani ya redio, na mama watoto naye akacheka mpaka akakalia vitambaa vya watu, akasema, "Leo chaki imeumbuka." Nikachomoa waya ukutani wakiwa bado wanacheka, na hapo penye mazungumzo sijapafungulia tena.

Ikaja habari ya makoti. Mkwe wangu na rafiki zake wanne nilikuwa nimeshawashonea makoti meupe, zawadi yangu ya harusi, na safari hii makwapa nimeyakata mapana, mtu anaweza kupaka rangi dari akiwa amelivaa. Wakayajaribu, wakafungulia wimbo, wakacheza hiyo Kuku Kafungwa yao, mikono ikaruka kila upande, mmoja akaangusha chupa ya chai. Mkwe akanijia kwa adabu, akasema, "Baba, samahani, yametukaa vizuri mno. Tunaomba yabane kidogo kwapani, kama yale ya zamani."

Kama yale ya zamani. Mshauri, nikawavua mmoja mmoja, nikafumua mikono ya makoti yote, nikayafungia kabatini, ufunguo huu hapa mfukoni mwangu, nikatangaza mbele yao wote kwamba ukumbini ataingia baba au yataingia Manukato, wote wawili hawaingii.

Nilidhani binti yangu atalia, nimsamehe, yaishe. Hakulia. Akasema taratibu, "Baba, nilitaka uniingize wewe. Lakini wimbo sibadilishi, nimekua nao." Tangu hapo ananisemesha kwa kupitia mama yake, mwambie baba chai tayari, na mimi nimekaa hapo hapo. Na jana nimesikia ameshamwomba baba yake mdogo ndiye amshike mkono. Mdogo wangu huyo anauza magodoro. Ana suti ya kununua dukani, na kile kibandiko cha kiwanda hajakitoa kwenye mkono wa koti, amekiacha ili watu wakisome.

Basi niandikie wapi nitampata huyo Asali ayafute maneno yake kwenye kila albamu iliyouzwa. Halafu andika hapa gazetini, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye haki ni mimi. Binti yangu ukurasa wako haumpiti, akiona atanyooka. Fanya haraka, Jumamosi haingoji.

Ni mimi,
Fundi Chaki

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, shikamoo. Nimeitanguliza heshima kwa sababu huko mbele itapungua.

Herufi kubwa ulizoomba hizi hapa: HUNA HAKI.

Unasema vijana wale walikwenda kula. Mzee wangu, mtu akinenepa hunenepa tumbo, hunenepa mashavu. Hao wako, wote watano, walinenepa makwapa peke yake? Umeandika mwenyewe kwamba mteja wako husimama wima, mikono ubavuni, hajikuni. Hakimu hilo linamfaa, kazi yake ni kukaa. Marehemu linamfaa zaidi. Lakini vijana walikuambia kwa midomo yao kwamba wanacheza, na wewe ukawapima kama walinzi wa geti. Na kama chaki haikukosea mara ya kwanza, kwa nini makoti ya mkwe wako umeyapanua bila kuombwa? Mkono wako unajua. Mdomo ndio umebaki nyuma.

Usiogope, sikuombi ukiri. Samaki hukunjwa angali mbichi, na wewe ulikauka siku nyingi.

Albamu hiyo nimeitafuta, nimeisikiliza yote, na sitakugombeza kwa ulivyoisema, maana hata mimi mwanaume wa nyimbo zile ningemkimbia. Wimbo wa nne tutauacha uwe siri yetu. Lakini ulichomoa waya mapema, fundi. Wakishamaliza kucheka, Asali anaendelea: "Yule mzee, popote alipo, Mungu ampe afya. Angetushonea koti zuri tungekuwa kama makundi mengine yote, na leo nani angetukumbuka?" Umenuna, umefumua, umefunga kabati, umegombana na mwanao, kwa ajili ya shukrani ambayo hukuisubiri imalizike. Na huyo unataka nikutafutie umfokee.

Suti zako zilizonyooka zimekaa ofisini miaka yote na hazijamchezesha mtu. Koti lililobana ndilo lililochezesha nchi. Kama unatafuta la kujisifia, na naona hulali bila kujisifia, hilo ndilo la kwanza, na wewe unalikimbia.

Binti yako hajawachagua Manukato akakuacha wewe. Amekua akiuona mtindo ule kila mahali, na anajua ulitoka dukani kwa nani. Anataka kuingia ukumbini na kazi ya baba yake, hata hii unayoikana. Badala yake ataingia na muuza magodoro. Picha ya harusi hutundikwa ukutani, mzee. Utakuwa unakula chakula chako chini ya kile kibandiko mpaka siku ya kuzikwa.

Kwa hiyo ukishaliweka gazeti hili chini, toa ufunguo. Makwapa yapunguze, yabane kweli kweli, usione huruma. Mwite mkwe wako umpime, na safari hii umpime huku anacheza. Ukimaliza, mwite binti yako mwenyewe, usimpitishe mama yake kama posta, umwambie, "Nitakuingiza." Ishie hapo. Usiongeze neno la pili, nimeshakujua. Mdogo wako mwambie umemshukuru, arudi kwenye magodoro.

Kisha kata koti la sita, la kwako, libane kuliko yote. Jumamosi mkono mmoja utakuwa umeshikwa na mwanao na wa pili umebanwa ubavuni, na hutabaki na mkono wa kumnyooshea mtu kidole.