Kiti cha Mgeni

Nyumbani kwa Salimu,
Mazimbu,
Morogoro.
9 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na watoto. Shikamoo yako uliyoituma kwa simu ya mjukuu wangu Latifa niliipokea. Marahaba. Nilitaka kukujibu palepale, lakini siku hizi pumzi yangu haifiki mwisho wa sentensi, na nililo nalo ni refu.

Mimi ni mgonjwa. Madaktari wamenirudisha nyumbani, na mwanangu Salimu na mkewe wameanza kuongea kwa sauti ya chini hata nikiwa macho. Maumivu makubwa sina, hofu pia sina. Nakaa barazani nikitazama milima. Mawingu yanaifunika, yanaifunua, basi.

Masika ya mwaka huu yalikuwa mabaya. Barabara ya Mgeta ilikatika, malori yakalala njiani na kabichi zikaozea humo. Sasa yanapita.

Nije kwenye jambo lenyewe. Unajua kwamba mama yako Semeni hakuzaliwa na mama yetu. Mama alimchukua kutoka Gairo akiwa mchanga, baada ya rafiki yake wa sokoni kufariki katika uzazi. Wakati huo alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu Chausiku, mama yako mkubwa, akampa Semeni titi la pili. Mimi nilimbeba mgongoni mpaka alipoweza kupanda mwenyewe njia za kwetu Mgeta. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kusema.

Mama yetu alipofariki, Semeni alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Baada ya mazishi ukoo ukakaa. Kwetu ukoo unafuata mama, na ardhi vilevile. Nami, mjomba na msomi, nikapewa kuongoza kikao. Shamba la kando ya mto lilikuwa la kugawiwa mabinti. Mzee mmoja akauliza kama Semeni naye anahesabiwa, maana damu yake ni ya Gairo. Wakanigeukia. "Mwalimu, marehemu aliacha neno?"

Aliacha. Akiwa na akili zake zote aliniambia, "Semeni mpe upande wenye maji. Yule ni wangu, asije mtu akamwambia vingine."

Nilijibu kwamba hakuacha neno.

Nimetafuta sababu kubwa ya uongo huo nikuandikie, sikuipata. Chausiku hakunishawishi, na shamba sikulitaka. Lori la mwisho lilikuwa linashuka mjini jioni ile, kesho yake nilikuwa na vipindi, na ukweli ungeleta ubishi. Nilitaka kikao kiishe.

Semeni akaachwa nje ya mgao, ikabaki namna ya kumwambia. Hakuna aliyetaka kumfukuza, walimpenda. Mimi ndiye niliyewapa neno. Nikasema, "Semeni ni mgeni wetu wa heshima. Tutampokea siku zote." Wote wakashusha pumzi. Nikaliwahi lori.

Siku ya arobaini mlikuja, wewe na yeye. Mama yako alifunga kanga kiunoni akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Wanawake wakampokonya mwiko.

"Hapana dada, wewe mgeni, kakae."

"Mgeni wa wapi, nyie? Hebu nipisheni, wali unaungua!"

Alikuwa anacheka. Wao hawakucheka. Wakamleta mbele, wakamwekea kiti chini ya turubai pamoja na watu waliotoka mjini, akaletewa maji ya kunawa na sahani iliyofunikwa. Akanitazama. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Nikamwambia, "Karibu, mgeni."

Wewe ulikuwa mdogo. Watoto wenzako waligawana soda kwenye vikombe, wewe ukapewa chupa nzima, ukafurahi sana. Huenda unakumbuka. Mama yako alikula matonge mawili, akaacha. "Maliza soda yako, twende." Hakurudi tena Mgeta.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Kufukuza, kutenga, kukana, kususa: maneno hayo wanafunzi waliyatungia sentensi, nami nikaweka alama ya vema. Mama yako hakutamkiwa hata moja. Aliyefukuzwa anaweza kusimama mlangoni akagomba. Yeye alikaribishwa. Angegomba na nani?

Alipofariki huko kwenu, nilituma ujumbe: "Poleni wafiwa." Niliusoma tena ukiwa umeshakwenda. Nilikuwa nimewapa watu pole kwa msiba wangu mwenyewe. Hata hapo sikulia. Nimekaa nikisubiri nilie, na sasa nadhani sitalia.

Mwezi uliopita nilimwita Chausiku. Alishuka na lori la mboga, akaniletea kikapu cha mafyulisi. Nilimweleza yote mbele ya Maneno, mtani wetu wa ukoo. Chausiku alimenya fyulisi lake mpaka mwisho, akasema, "Kaka, hayo si ya zamani? Semeni mwenyewe hayupo." Upande wenye maji wanalima wanawe.

Maneno hakunionea huruma. "Mwalimu bwana! Watoto wa watu uliwafundisha kusoma, mdogo wako ukamfundisha njia ya kutokea. Hebu harakisha kufa, nina hotuba."

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Nimemwachia yeye neno la mama, alitangaze msibani kwangu, maana mtani hanyamazishwi na mtu. Shamba siwezi kukuahidi, sina tena nguvu hata ya kupanda kule. Nilichobaki nacho ni kusema kwamba mama yako alikuwa wetu, na kwamba nilijua.

Latifa anakusalimu sana, na Salimu pia. Chausiku hakunipa salamu za kukuletea, nami sitazitunga. Nisalimie wanao. Majina yao siyajui; mtajie Latifa kwenye simu, nataka niyasikie. Mwenyezi Mungu akuwekee wanao karibu, na amlaze mama yako pema.

Sikuombi unisamehe. Naomba jambo moja tu. Nikifa, Latifa atakupigia. Mazishi hutayawahi, njia ni ndefu, lakini njoo. Ukifika watakukimbilia na kiti, ni watu wenye adabu. Usikikubali. Pita nyuma ya nyumba, funga kanga yako, shika mwiko. Wakikuuliza wewe nani, waambie wewe ni mtoto wa Semeni, na umekuja kuwapikia wageni.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, kama bado utaniita hivyo,

Luqmani