Miguu Yako Niliyoishika

Béa, mdogo wangu,

Jana nimempiga shangazi Véro. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka kwanza, halafu ungeniuliza kama nimejiumiza. Nimejiumiza, ndiyo, kifundo cha mkono kimevimba na naandika kwa taabu. Nilimpiga kwa mwiko, ule mkubwa wa kusongea bukari ya wateja, mbele ya watu waliokuwa wakila, mpaka mpini ukavunjika. Sijutii. Mpini ungekuwa mgumu zaidi ningempiga nao zaidi.

Aliingia kwenye kibanda changu cha chakula, hapa hapa mjini kwetu, kwenye komini iitwayo Kenya, na chupa ya mafuta ya maombi mkononi. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mafundi wa jirani: "Odette, mutoto yako anakatala bukari. Basi anakulaka wapi? Tumupeleke kwa mutumishi wa Mungu, mbele ya balozi, bale bachawi, kumumaliza."

Mtoto mwenyewe ni Grâce, binti yangu, huyo uliyekuwa ukimbeba mgongoni ukienda kisimani. Ana miaka kumi na minne sasa. Tangu mvua za kwanza anasukuma sahani, anavaa sweta mbili mchana wa jua, anasema ameshakula kwa rafiki. Nilijua nilichokuwa nakiona, Béa. Nilikijua na bado nilinyamaza wiki nzima, kwa woga.

Ila lile swali! Anakulaka wapi. Maneno yaleyale kutoka mdomo uleule, miaka mitatu baada yako. Kwetu sisi mtu anayekataa chungu cha nyumbani na bado anasimama, lazima ana chungu kingine. Anakula usiku na wachawi, nyama ya watu. Mchawi! Wewe, uliyekimbia panzi! Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama huli kabisa. Wote tuliuliza unakula wapi, na mimi niliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nakumbuka yalipoanzia, au pale ninapodhani yalianzia. Ilikuwa harusi yangu ya kanisani, Grâce akiwa tayari na miaka tisa, tulipokuwa tunapimwa kitambaa cha familia kwa yule mshonaji wa Bel-Air. Ulikuwa mnene, mzuri, mashavu yakijaa. Nikasema mbele ya wanawake wote: "Béa peke yake atamaliza pièce nzima ya kitambaa, shiye wengine tutavaa magazeti." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na wewe ulicheka. Siku ya harusi ile nguo ilikupwaya, nikadhani mshonaji amekosea vipimo. Daktari niliyemwona jana ameniambia kwamba si neno moja linaloleta ugonjwa huu. Nimemsikia. Lakini usiku na mchana nalisikia lile langu.

Halafu ukaanza kukonda na watu wakakusifu. Hilo pia liko. Wasichana wenzako wakakuambia sasa unafanana na wale wa kwenye simu. Ulipokuja kukonda kupita sifa, nywele zikitoka na kitana, vidole baridi, ndipo tulipokasirika. Tulikasirika, Béa, hatukuogopa. Ningeogopa labda ningekupeleka hospitali. Mama alikuwa anapiga meza kwa ngumi kila jioni. Mimi nilikupiga kwa huo huo mwiko mgongoni, nikasikia mifupa, na hilo likanitia hasira zaidi, nikakupiga tena. Nilikubana pua ili ufungue mdomo. Ulinitemea bukari usoni. Sikuacha mpaka Grâce, mdogo wakati ule, aliponing'ata mkono.

Shangazi Véro ndiye aliyeleta habari za chumba cha maombi. Sisi ni Wakatoliki tangu babu aliposhuka kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, na bado tulienda, sote, na viti vyetu vya plastiki. Yule mtumishi alikutazama mara moja tu. "Huyu mutoto iko na meza mbili, moya ya muchana, moya ya busiku. Tutabomola ile ya busiku." Dawa yake ikawa kufunga. Siku saba bila chakula, maji ya kulowesha ulimi tu. Mtu anayekufa njaa anaandikiwa njaa, na familia nzima inasema amina!

Nawe ulitabasamu. Tabasamu la kwanza baada ya miezi. Mama akaanza kulia kwa furaha, akasema imani imekuingia. Sasa najua ulitabasamu kwa nini. Kwa mara ya kwanza watu wazima walikuwa wanakuamuru kile kile ambacho ugonjwa ulikuwa unakuamuru.

Siku ya nne walikulaza sakafuni ili meza ya usiku itoke. Wanaume wawili mikononi, mwanamke kichwani, mtumishi goti lake juu ya tumbo lako. Walihitaji mtu wa miguu. Nilijitolea, hakuna aliyenituma. Walikupiga makofi, walikumwagia mafuta machoni, ukawa unapiga kelele kama... hapana, sitafananisha na kitu. Ulipiga kelele kama wewe. "Yaya, achilia miguu yangu. Yaya, bananiumiza." Nami, dada yako mkubwa, nikakaza. Niliambiwa wanaosema ni wao wachawi, si wewe. Viganja vyangu vilizunguka miguu yako na vidole vikakutana upande wa pili, na hata hapo sikuelewa.

Siku ya saba tukafungua. Mama alichinja kuku wawili, mimi nilisonga bukari, nikapika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Ulikuwa umechoka, huna tena nguvu ya kukataa, ukawa unafungua mdomo kila nilipoleta tonge. Nilikulisha kwa mkono wangu. Majirani walipiga makofi kwa kila tonge. Kesho yake tena, asubuhi, mchana, jioni. Miguu ikavimba, tukasema unanona. Siku ya tatu nilikuja na uji, sukari nyingi kama ulivyopenda utotoni, nikakukuta umegeukia ukuta.

Sikukueleza yaliyofuata kwa sababu niliona aibu. Kwenye kilio, wanawake wa mtaa walikuja na masufuria yao kupikia waombolezaji. Waliposonga bukari, harufu ikapita chini ya turubai. Niliinuka nikalipiga teke sufuria la kwanza, na la pili, bukari ikaruka mpaka kwenye suruali ya baba mkwe. Wakanishika. Wakasema ni uchungu. Baada ya mazishi nilienda peke yangu kwenye chumba cha maombi nikavunja kinanda chao kwa jiwe, nikavunja madirisha, nikamtia mtumishi jeraha la paji la uso ambalo bado analo. Alihama. Nasikia yuko upande wa pili wa mji, ana kinanda kipya. Hasira yangu haikumrudisha mtu, lakini ilinipa mahali pa kuweka mikono.

Basi, jana, nilipoishiwa mwiko, nilifunga kibanda na wateja wakiwa na matonge mdomoni. Nikampandisha Grâce kwenye pikipiki, tukaenda hospitali. Alidhani nampeleka kwa yule mtumishi. Alinishika kiuno akaniambia: "Maman, usinishike miguu." Alikuwa ameona, Béa. Siku ile alisimama mlangoni na akaona mama yake.

Daktari ni mwanamke mfupi, hana haraka. Hakuuliza anakula wapi. Aliuliza unaogopa nini ukiona sahani. Grâce alilia nusu saa, akasema mambo ambayo sikuyajua, ya shuleni, ya baba yake aliyeondoka, ya mwili wake unaobadilika. Ni ugonjwa, akaniambia daktari, una jina, anorexie, huingia kwa njia nyingi kwa pamoja, na ukishaingia njaa yenyewe hupotosha mawazo. Haukemewi wala haupigwi. Wengi hupona wakiwahi, wengine hupona baada ya miaka, na wengine unawaua. Wakampima damu, wakamsikiliza moyo. Atakuwa anaongea na mwanasaikolojia kila wiki. Na chakula, akasema, kidogo, kidogo sana mwanzoni, tukiongeza polepole na wakimpima. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama miguu huvimba. Akasema ndiyo, mara nyingine.

Nilitoka nje nikapiga ukuta wa hospitali kwa ngumi, ndiyo maana kifundo hiki kimevimba, si kwa sababu ya shangazi tu. Kumbe ni mimi. Makofi na goti na mafuta vilikudhoofisha, lakini aliyekuletea matonge ni mimi, kwa mkono huu, nikiimba. Mlinzi akaja. Akadhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, leo.

Sikuombi msamaha, kwa sababu ungenipa haraka, ulikuwa hivyo. Nakupa habari tu. Unakumbuka ukoko? Tulivyokuwa tunaugombania chini ya sufuria, unanikwaruza mikono ili upate kipande kikubwa? Nilikuwa na alama zako hapa kwenye kiganja. Zimefutika. Ningetoa mengi zirudi.

Leo mchana Grâce amekaa nami mezani. Niliweka uji kwenye kikombe kidogo, kile cha kahawa. Mikono yangu, iliyozoea kujaza sahani za wateja wangu wachimbaji wa madini, ilikuwa inataka kuongeza. Niliikalia. Kweli, niliikalia, kama mtoto darasani. Alikunywa vijiko vitatu, akaacha, akanitazama kuona kama nitapiga meza. Sikupiga. Nilimwambia habari za mvua. Akanywa cha nne.

Mama ameanza kusema labda shangazi anasema kweli, labda tufanye yote mawili, hospitali na maombi. Nimemwambia maombi afanye yeye, kwa magoti yake mwenyewe, kanisani kwetu, na binti yangu abaki kwa daktari. Atakayekuja na mafuta mlangoni kwangu, awe shangazi, awe askofu, nimenunua mwiko mpya. Huu ni wa mti mgumu.

Nakuahidi hivi, Béa: hakuna mtu atakayemlaza Grâce sakafuni nikiwa hai, na swali lile halitaulizwa tena nyumbani kwangu. Akipona nitamleta kaburini kwako. Akichukua miaka, nitaikaa miaka hiyo mezani, juu ya mikono yangu.

Kwaheri, mdogo wangu. Nyoosha miguu yako. Nimeachilia.

Yaya wako,
Odette