Kuku wa Kutoka Sondu

Baba Lornah,

Ukitoka kazini, chai iko kwa thamosi. Lornah yuko kwa Mama Shitanda hapo jirani. Kuku iliyobaki iko kabatini, kula yote.

Mimi nimekimbia steji kumtafuta mama yako. Ameondoka bila kuaga. Jana usiku alinipakulia paja. Nikaogopa kumwambia siku hizi sili nyama, na huyo kuku amembeba mapajani kutoka Sondu kwa ajili yangu. Nikaificha nyama kwa kitambaa changu cha kanisa, nikaitupa dirishani. Asubuhi mbwa akaileta mpaka mlangoni, pamoja na kile kitambaa. Mama akakiokota, akanipatia. Nikajifanya naenda dukani, nikakaa huko kwa aibu.

~~Mtu akiuliza, sema Mama ameitwa nyumbani.~~ Hapana, sema ukweli.

Niliporudi nikafunua sufuria ndogo. Amenipikia sukuma. Lornah anasema Dani, nyanya yake, aliisugua sufuria kwanza kwa jivu, akainusa, akaisugua tena, harufu ya nyama isibaki.

Usiguse hiyo mboga. Hata kuonja.

Mkeo, na mtoto wa Mama kama bado ananitaka