Mustari Wangu katika Daftari la Padri Lambert

Kalemie, tarehe 9 mwezi wa saba

Mudogo wangu mupendwa Elisabeth,

Pokea salamu za nyumba hii, za wazima na za wanaojikongoja. Papa Willy mume wako hajambo? Mugongo wake umetulia tangu alipoacha kazi ya gari-moshi? Na Thierry wetu, kile kikohozi kimemuacha? Sisi huku tupo. Siwezi kusema tuko wazima, siwezi kusema tunaumwa. Nyonga yangu ya kushoto haitaki tena mulima, na mimi ninakaa mulimani, basi kila siku tunagombana.

Kama ungepokea simu nisingekusumbua na karatasi. Nimepiga tangu Pasaka mpaka kidole kimechoka. Sasa barua hii inakuja mukononi mwa Mama Bertille, anayekuja soko la Nyunzu kutafuta mahindi, na nimemuambia asitoke kwako mpaka akuone umeifungua. Najua bado una kinyongo na mimi juu ya kiwanja cha baba kule Zongwe. Miaka kumi hujala hata tonge la bukari nyumbani mwangu. Sikulaumu. Soma mpaka mwisho tu, halafu kama ni kununa, utanuna.

Habari kubwa ni kwamba Padri Lambert alirudi. Yule aliyetufundisha sisi wamama wa mutaa wa Kataki kusoma na kuandika, tangu mwaka wa themanini na nane mpaka vita ilipomuondoa mwaka wa tisini na sita. Unamukumbuka, yule murefu aliyekula samaki wa mikebuka na mifupa yake? Siku hizi si padri tena. Alifika kwao Ulaya akaoa, mke akafa, amebaki muzee peke yake wa miaka themanini na mbili. Wamama walibishana sana tumuite nani. Mama Tina alikata maneno, akasema Padri ni Padri hata akioa mara saba. Tukaendelea kumuita Padri, na yeye akachoka kukataa.

Alishuka ndege akishikwa mukono. Macho yamekufa, Elisabeth, anaona mwanga na giza tu. Alitaka kwanza tumupeleke kwenye ukumbi wetu wa zamani, nyuma ya kanisa. Tukamuambia ziwa lilipopanda liliumeza ukumbi pamoja na nyumba zote za upande ule, na yangu ndani yake. Akasimama ukingoni akisikiliza maji, viatu vinalowa. Akauliza ubao mweusi ulikwenda wapi. Nikamuambia siku hizi wanasoma samaki. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nilifurahi kwamba bado ninaweza kumuchekesha mutu.

Halafu akasema alichokuja kufanya. Siku ya mwisho ya masomo, bunduki zikiwa njiani, alikuwa ametupatia daftari moja ili kila mama aandike mustari mumoja juu ya maisha yake. Tulikuwa wamama kumi na tisa. Alikimbia na daftari lile, na huko kwao alilisoma miaka na miaka mpaka macho yakaisha. Sasa alitaka kila mama amusomee mustari wake kwa kinywa chake mwenyewe. Tumebaki saba.

Niliposikia hivyo, nilianza kutafuta sababu za kutokwenda. Siku ya kwanza nikatuma neno kwamba nyonga inauma. Siku ya pili nikasema nimeanika samaki zangu za ndagala, siwezi kuziacha, mvua itazikuta. Mvua ya mwezi wa sita, katikati ya kiangazi! Hata mbuzi wa jirani alijua ninadanganya. Siku ya tatu akaja mwenyewe, akipandishwa mulima na Francine jirani yangu, wamama wengine nyuma, daftari kwapani.

Wakaanza kusoma pale uani. Mama Tina alisoma kwamba ana watoto watano na anatamani mashine ya kushona. Leo ana wajukuu ishirini, na mashine hakuipata. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Francine akasoma wake. Kisha daftari likaja kwangu, kwa heshima, kwa sababu mimi njo musomaji wa kanisa. Wewe mwenyewe umeniona Jumapili ngapi nimesimama mbele ya watu na kitabu wazi.

Nikavaa miwani. Nikatembeza kidole polepole. Nikasoma kwamba mimi ni Mamie wa Zongwe, muuza ndagala, na kwamba ninamushukuru Mungu na mwalimu wangu. Wamama wakapiga vigelegele. Padri aliinamisha kichwa tu.

Mudogo wangu, mimi sijui kusoma. Sikujua jana wala juzi. Kule ukumbini tulikuwa tunasoma wote kwa sauti moja, chini ya picha. Nikiona picha ya mutumbwi nasema mutumbwi, nikiona jungu nasema jungu, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Kanisani ilikuwa rahisi zaidi. Kila Jumamosi kwenye repetisyo, mazoezi ya misa, katekista Ruphin anasoma somo la kesho mara tatu, na mimi ninaliweka kichwani. Jumapili nafungua kitabu na kulisema. Siku moja Ruphin aliugua malaria, repetisyo haikuwepo. Nikasimama nikasema somo la Jumapili iliyopita, lote, bila kukosa neno. Watu wakasema Mama Mamie ameguswa na Neno mpaka amelirudia, na padri wa siku ile akanisifu katika mahubiri. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Na ule mustari wa daftari, aliyeuandika ni Francine. Padri alikuwa ametoka kusikiliza habari za vita kwenye redio, Francine akaandika wake, akaandika na wangu, haraka haraka. Sikumuuliza hata siku moja ameandika nini.

Basi Padri akaomba wamama waende jikoni kutazama chai. Tulipobaki wawili akaniambia, taratibu, kwamba mustari wangu hausemi vile. Yeye anayo yote kumi na tisa kichwani. Wangu unasema: Ninaitwa Mamie, sasa hakuna mutu atakayenidanganya na karatasi. Akasema hata kabla ya daftari alikuwa anajua. Alikuwa ameona tangu mwaka wa tisini kwamba macho yangu yanakwenda kwenye picha. Lakini kila mugeni aliyetoka kwao alikuwa anapelekwa kanisani kuniangalia nikisoma. Mimi njo nilikuwa kazi yake iliyofanikiwa. Kunianzisha upya na herufi ya kwanza kungekuwa kusema kwamba kazi ile haikufanikiwa, basi akanyamaza. Akasema hakuja Kalemie kusikia mistari, alikuja kuniomba musamaha, na aliogopa, njo maana alianza na wengine. Machozi yalikuwa yanamutoka kwenye yale macho yasiyofanya kazi tena.

Unafikiri nilimuhurumia? Nilikasirika, Elisabeth. Nilimuambia yeye alipata sifa kwao, na mimi nilibaki na aibu ya kubeba kila Jumapili. Nikamuambia habari ya kiwanja cha Zongwe. Kama nimeweza kumuambia mugeni, siwezi kukuficha wewe uliyelala nje kwa sababu ya kiwanja hicho.

Siku baba mudogo Blanchard alipoleta ile karatasi, marehemu Mungu amulaze, ukoo wote ulikuwa umekaa. Alisema ni karatasi ya mipaka tu. Wazee wakasema wampe Mamie, Mamie anasoma mbele ya Mungu, akitia mukono inatosha. Nikavaa miwani. Nikatembeza kidole vile vile. Nikageuza hata ukurasa wa pili, nikatikisa kichwa kama mutu aliyeridhika, nikachora ile mikunjo yangu ambayo watu wanaiita sahihi. Ilikuwa karatasi ya kuuza. Ningesema neno moja tu, kwamba sioni maana ya maandishi haya, kiwanja kingekuwepo mpaka leo. Neno moja. Niliogopa macho ya watu.

Wewe ulipokimbia mapigano ya Nyunzu na Thierry mugongoni, ukafika Zongwe, ukakuta ukuta wa mawe wa mutu usiyemujua. Ukalala kambini chini ya turubai miezi saba. Ukaja kuniuliza kwa nini, na mimi nikakujibu kwa kiburi kwamba nilisoma vizuri nikaona inafaa. Uliniita mwizi mbele ya watoto wangu. Nilipenda uniite mwizi kuliko ujue kwamba sijui kusoma. Hiyo njo kweli yote. Sina nyingine.

Kesho yake Padri alipanda tena mulima, akaomba lungo la kupepetea na unga wa muhogo. Akaumwaga, akausawazisha kwa kiganja, akanishika kidole changu akakichoresha humo. Nikichora mwenyewe, anapitisha chake juu kupapasa kama nimekosa, na nikikosa ananigombeza kama zamani, vile vile. Wamama wakipita wanasema tazama wazee hawa wawili wanacheza na chakula. Asubuhi sita, herufi nne. Kichwa changu kimekuwa kizito, na chake pia kilichoka, mara nyingine alisinzia kidole kikiwa ungani. Jumamosi akaondoka. Hakusema atarudi, na mimi sikumuuliza.

Nimemuambia Ruphin atafute musomaji mwingine, na nimemuambia sababu. Jumapili alisoma Mama Tina. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Lakini alikuwa anasoma.

Mwandiko huu unaouona mzuri si wangu. Ni wa Francine, kama barua zote ulizopata kwangu tangu uolewe. Tangu tulipofika kwenye habari ya karatasi ya kiwanja analia, nimemuambia alie na aandike. Kiwanja hakirudi, najua. Simu ikilia ni mimi. Ukiiacha ilie tena, nitaelewa.

Umusalimie Papa Willy, umukumbatie Thierry kwa mukono wa shangazi—hapana, wa mama yake mukubwa, maana hakuacha kuwa mutoto wangu. Wote wa huku wanakusalimu, Mama Tina wa kwanza. Mungu akulinde na baridi ya mwezi huu.

Hapa Francine anaacha kalamu. Jina la chini ninaliandika mwenyewe.

M A M I E